Mgeni wa Chebet

Chebet alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata Marekani ilishindwa kuuponya: hakuweza kumwacha mgeni aondoke peke yake. Fundi wa bomba akimaliza kazi katika nyumba yao ya kupanga katika mji wa Laurel, Chebet atavaa viatu amsindikize hadi kwenye gari, kisha asimame akimpungia mkono mpaka gari likate kona. Mumewe, Elkanah, alikuwa akimcheka. "Mama Abi, huyo ni fundi, si mjomba wako." Naye Chebet humuuliza, kwani fundi hasindikizwi?

Alikuwa mtu wa Nandi, upande wa Kapsabet, na maisha yake ya ughaibuni yalikuwa yamekwenda katika nyumba za wazee wa watu, akiwaogesha, akiwalisha uji, akiwabembeleza wameze dawa. Ni kazi ya mgongo, na wengi waifanyao hufika mwisho wa wiki hawana hata nguvu ya kujibu salamu. Lakini Jumapili ikifika, Chebet huyu huyu alisimama mlangoni pa kanisa amependeza utadhani mwanawe anaoa.

Kanisa lenyewe lilikuwa la Wakenya, na Watanzania na Wakongo wachache, wakiabudu alasiri katika jengo walilopangishwa na waumini Wazungu walioabudu asubuhi. Chebet ndiye aliyewaongoza wakaribishaji. Baada ya nyimbo za kwanza, mchungaji Simiyu huwaomba wageni wasimame waonekane, kanisa zima likawapungia mikono na akina mama wakapiga vigelegele. Ibada ikiisha, mgeni huketishwa chumba cha nyuma akapewa chai ya maziwa na mandazi, kisha Chebet humtoa hadi kwenye gari lake. Ni katika mwendo huo mfupi ndipo alipojua nani hana kazi, nani ameachwa na mume, nani hajala tangu jana. Alikuwa akisema mtu hatoi la moyoni akiwa ameketi.

Basi Jumapili moja ya majira ya kuchipua, akaja kijana wa Kizungu. Jina lake hatulitaji hapa, limekwisha kutajwa vya kutosha na watu waliolipwa kulitaja. Alikuwa amevaa shati safi, nywele zimechanwa, akaketi kiti cha mwisho peke yake. Alipoombwa asimame alisimama, akasema anatafuta mahali pa kuabudu. Vigelegele vilipigwa hadi akainamisha kichwa, na Chebet akaziona haya zake, akampenda.

Chumba cha nyuma alikunywa chai, akaongezwa, akashukuru. Aliuliza maswali mengi kwa sauti ya upole: watu hawa wanatoka nchi zipi, watoto hukaa wapi ibada ikiendelea, huja wengi kila wiki? Chebet alijibu yote kwa furaha. Nani huku Marekani aliwahi kukuuliza habari zako namna hiyo?

Alimsindikiza. Walipofika kwenye gari, kijana akasema kwamba anaishi ng'ambo ya mji na Laurel ni mbali. Je, hakuna kanisa kama hili upande wa kusini? Lipo! Chebet alimwelekeza Oxon Hill, kule karibu na National Harbor: upite kituo cha mafuta, uone jengo la matofali mekundu, usiende mlango wa mbele kwa sababu hautumiki, zunguka ubavuni. Akamtajia rafiki yake Fidelis, waliyesoma naye kozi ya kuhudumia wazee, na mumewe Kimani, ambaye ni mzee wa kanisa pale. Kijana akamshika mkono. Chebet akasimama akampungia mpaka gari likakata kona.

Wiki chache baadaye, walikuwa wameketi kula, yeye na Elkanah na binti yao Abigail, ambaye Kiswahili alikielewa chote lakini mdomo wake ulijua Kiingereza tu. Abigail alikuwa akichezea simu, mara akaacha kutafuna. "Mom," alisema. "It's Auntie Fide's church." Kanisa la Fidelis? Chebet alimnyang'anya simu. Aliona matofali mekundu na utepe wa polisi wa manjano, na ule mlango wa ubavuni.

Kimani alipigwa risasi akafa pale pale mlangoni. Wawili wengine walikufa ukumbini, na waliojeruhiwa walijaza wodi. Muuaji alikamatwa akiwa hai, ameketi kwenye ukingo wa barabara, na alikuwa ameacha mtandaoni maneno marefu juu ya watu weusi na wageni wanaoiiba nchi yake. Picha yake ilipoonyeshwa, Chebet hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akafungua kabati la vikombe, akasimama akivitazama hadi Elkanah alipomwita mara ya tatu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewapigia wapelelezi. Akaja mmoja wa serikali kuu, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akaketi kwenye kochi lao. Chebet alimweleza ile chai, yale maswali, ule mwendo wa kwenda kwenye gari, na jinsi alivyomwelekeza njia. Mpelelezi akamwambia asijitese. Anwani ya kanisa lile iko mtandaoni, kila mtu anaweza kuipata, na kijana angeipata tu.

"Na hakuna aliyemjua kabla?" Chebet aliuliza.

Walimjua. Jamaa yake aliwahi kupiga simu kusema kijana anaharibika, maafisa wakaenda wakaongea naye. Lakini kuchukia si kosa la jinai, na bunduki aliinunua dukani kwa kitambulisho chake halisi. "Nchi hii haimfungi mtu kwa anayoyawaza, mama," mpelelezi alisema, na alisema kama mtu aliyechoka kulisema. "Tukianza kufanya hivyo, hatutajua pa kuishia." Chebet alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma. Nyumbani, mwaka ule uchaguzi ulipochafuka, alikuwa ameona jirani akimchomea jirani nyumba, kwa hiyo chuki haikuwa ngeni kwake. Lakini waliochoma walikuja kundi, wanapiga makelele, na ukawasikia ukakimbia. Huyu alikuja mmoja, akachana nywele, akanywa chai.

Mpelelezi alipotoka, Chebet alimsindikiza. Elkanah aliona dirishani, akafumba macho.

Mji ulifanya unachojua kufanya. Watu waliwasha mishumaa kando ya mto. Viongozi walikuja na suti nyeusi, wakasema chuki haina nafasi hapa, ingawa ilikuwa imekwisha kupata nafasi na kuegesha gari. Waislamu wa msikiti wa jirani walileta maua, Wayahudi wakaleta chakula, na wale Wazungu wa ibada ya asubuhi, wengi wao vikongwe, walisimama mlangoni wakishikana mikono wakati Waafrika wakiingia. Ilikuwa kweli, na Chebet alilia kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha gari la polisi lililoegeshwa nje likaondoka, kwa kuwa kulikuwa na mambo mengine mjini, na vikongwe wakarudi kulala alasiri. Waliobaki walibaki na woga wao.

Viti vya karibu na milango ya kutokea vikawa ndivyo vinavyojaa kwanza. Kina mama waliacha kuwapeleka watoto chumba chao. Chebet mwenyewe alikuwa akimpa mtu mkono wa kulia huku macho yakiwa kwenye mfuko wa mtu huyo, na alijua kwamba wanamwona. Lakini yote hayo angeyavumilia. Kilichokuwa kikimla ni kimoja: Fidelis hakumsemesha.

Siku zile za maombi nyumbani kwa wafiwa, Chebet alikuwa akitoka kazini anakwenda moja kwa moja Oxon Hill. Alikanda unga wa chapati, alichambua mchele, aliosha masufuria makubwa hadi mikono ikatoka malengelenge. Fidelis alipita jikoni akiwa ameshikiliwa na dada zake, na akiona ni Chebet aliyesimama kwenye sinki, aligeuza uso. Baadaye walisafirisha mwili wa Kimani, Fidelis akaenda kuzika Murang'a, akarudi. Chebet alimpigia simu, akamwandikia, akamtumia ujumbe wa sauti, bure.

"Ananilaumu," alimwambia Elkanah.

"Amefiwa. Mpe muda."

"Baba Abi, nataka aniambie tu. Akisema ni mimi, nitajua ni mimi. Akisema si mimi, nitalala. Hivi nilivyo si uhai."

"Si ulisikia huyo officer? Address iko online! Hata mtoto anai-google."

Hiyo ndiyo kamba aliyoishikilia. Anwani iko mtandaoni. Akimgeuza mzee kitandani, anwani iko mtandaoni. Akiendesha gari, anwani iko mtandaoni. Kuna wakati alikuwa akiifungua kwenye simu yake aione tena, ile anwani, ili moyo utulie kidogo.

Elkanah naye alikuwa na lake. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa, na kamati ilikuwa imemaliza kuandaa utaratibu mpya wa mlango, upelekwe kwa waumini Jumapili wapige kura. Nyumbani hawakuuzungumza. Chebet alijua tu kwamba mlango utafungwa, na hakuwa na kinywa cha kuupinga.

Jumamosi, adhuhuri, kengele ya nyumba ikalia. Chebet alichungulia kwenye tundu la mlango, akaona Fidelis amesimama peke yake, kilemba cheusi, amekonda hadi mabega yamejitokeza. Alifungua haraka hadi funguo zikamponyoka.

"Karibu. Karibu, Fide. Ingia. Nikuwekee chai?"

"Usiniwekee chai."

Waliketi. Elkanah alikuwa kazini, Abigail yuko kwa rafiki yake. Fidelis aliutazama mlango wa nyumba.

"Naskia mnataka kufunga kanisa yenu."

"Si kulifunga. Mlango. Wakati wa ibada. Kesho tunapiga kura."

"Sisi tulikuwa tunafunga," Fidelis alisema. "Tangu baada ya Krismasi. Tuliona vile watu wanauawa huku na kule, tukaweka lock na kengele na spika ukutani ya kumuuliza mtu akiwa nje. Hatukuwaambia ninyi. Tuliona aibu, nyumba ya Mungu kuwa na spika ka duka ya dhahabu."

Chebet hakuelewa. Aliuona ule mlango wa ubavuni akilini mwake. Kama ulikuwa umefungwa, basi ilikuwaje?

"Nani alimfungulia?"

"Rule yetu ilikuwa, mgeni haingii mpaka kuwe na mtu tunayemjua amemtuma. Siku hiyo nilikuwa kwa spika mimi. Kengele ikalia, nikauliza ni nani. Akaniambia, 'Chebet from Laurel sent me.'"

Chebet alikuwa amelisema neno hilo. Pale kwenye gari, baada ya kumwelekeza kituo cha mafuta na matofali mekundu, alimwambia kijana, ukifika, waambie umetumwa na Chebet. Hakumficha mpelelezi kwa kusudi. Halikumjia tu. Ni neno analolisema mtu wa kwao kila siku, akimtuma mtu dukani, akimtuma kwa fundi cherehani, akimtuma kwa daktari wa meno, na hakuna alikumbukaye kwamba amelisema. Na neno hilo halikuwa mtandaoni.

"Nikamwambia Kimani, 'Ni mgeni wa Chebet,'" Fidelis aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imempasuka. "Alikuwa amekaa. Akaniambia, mgeni wa Chebet hawezi kungojea nje. Akaenda mbio. Unajua vile alikuwa anakupenda. Akaenda mbio, Chebet, na ni mimi nilimtuma."

"Fide..."

"Kwa hivyo usifikirie ni wewe peke yako siwezi kuangalia. Hata mimi siji-look kwa mirror. Police niliwaambia alibonyeza kengele tukamfungulia, basi. Jina lako sikutaja. Lakini siwezi kubeba hii kitu peke yangu tena. Nimejaribu. Nimeshindwa."

Hawakukumbatiana. Kila mmoja alilia kwenye kiti chake. Fidelis alipoinuka kuondoka, Chebet aliinuka pia, akafika mlangoni akasita, mkono kwenye kitasa. Fidelis alimtazama, akatikisa kichwa, akashuka ngazi peke yake. Chebet alibaki nyuma ya mlango akisikiliza viatu vikishuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumsindikiza mgeni.

Usiku huo hakumwambia Elkanah kitu.

Jumapili, baada ya ibada, waumini walibaki kwa mkutano. Mchungaji Simiyu aliomba, kisha Elkanah akasimama mbele na karatasi ya kamati. Alisoma kwa sauti yake ya kazi. Mlango utafungwa nyimbo zikianza. Kutakuwa na kengele na kamera. Wageni hawatasimamishwa tena mbele ya kanisa. Na kuhusu nani aruhusiwe kuingia: "Mgeni ataingia endapo kuna muumini anayemjua na aliyemtuma. Atataja jina la muumini huyo mlangoni."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa sheria nzuri, ya busara, yenye utu ndani yake. Chebet alikuwa na hiari ya kukaa kimya. Hakuna aliyejua ila Fidelis, na Fidelis alikuwa amemfichia hata mbele ya polisi. Angekaa kimya angebaki Chebet, yule wa chai, yule wa mlangoni.

Akasimama.

"Hiyo sheria Oxon Hill walikuwa nayo," alisema. "Mlango wao ulikuwa umefungwa. Yule kijana aliulizwa jina kwa spika, akataja langu. Nilimwambia mimi mwenyewe, pale parking yetu, aseme nimemtuma. Kimani alikimbia kumfungulia kwa sababu ya jina langu."

Elkanah alikuwa ameshika karatasi yake, anamtazama mkewe kama mtu aliyepigiwa simu kutoka hospitali. Mtu mmoja alianza kulia pale mbele, akanyamazishwa.

"Sasa unataka tufanye nini, dada?" mchungaji Simiyu aliuliza, na aliuliza kwa wema. "Tuache wazi?"

"Hapana."

"Tufunge kabisa, asiingie mtu?"

"Hapana."

"Basi tufanye nini?"

"Sijui, mchungaji," Chebet alisema. "Haki ya Mungu, sijui. Nilitaka tu mjue kwamba jina linafungua."

Aliketi. Wakajadiliana. Wengine walisema kijana ni mmoja tu, hatarudi, yuko gerezani. Wengine wakasema huyo yuko gerezani, lakini mwingine yuko chumbani kwake sasa hivi anasoma aliyoandika wa kwanza, wala hakuna atakayemjua mpaka siku hiyo. Mkongo mmoja alisema kwao walifunga milango yote na bado waliingiliwa. Hakuna aliyekuwa na jibu, na kadiri walivyokosa jibu ndivyo walivyozidi kuitaka ile karatasi, kwa sababu angalau ilikuwa imeandikwa.

Mwishowe akasimama Bridget wa kwaya. Alipofika Marekani kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu, na alilala kwenye kochi la Chebet majira yote ya baridi, akila kwake, akivaa koti lake. Alisema akiwa ameangalia sakafu.

"Mimi naona sheria ibaki hivyo hivyo. Ila tu, kwa sasa, kusiwe na mtu anaingia kwa jina la dada Chebet. Si kwa ubaya. Ni vile yeye hujua watu wengi. Ye hupatia kila mtu jina lake."

Hakuna aliyepinga. Hata mchungaji Simiyu alikuna kidevu tu. Chebet aliona jinsi walivyokuwa wakikwepa kumtazama, watu aliowapokea mmoja mmoja kwenye mlango ule, na akaona kwamba hawamchukii. Wangemletea chakula akiugua, wangelia akifa. Walikuwa wanaogopa tu, na alikuwa sehemu ya wanachokiogopa.

"Basi," Elkanah alisema. Sauti yake ya kazi ilikuwa imekwisha. "Na hiyo nyongeza. Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda, mingine haraka, mingine kwa kujivuta. Elkanah alianza kuhesabu kwa kidole, safu kwa safu, akija nyuma. Alipofika safu ya mwisho kidole kilisimama hewani. Mkewe alikuwa amenyoosha mkono, ameunyoosha juu kabisa, na Abigail aliyeketi kando yake alikuwa akimvuta shati ili aushushe.

"Mama Abi," Elkanah alisema kwa sauti ya chini, mbele ya watu wote. "Wacha."

"Endelea," Chebet alimwambia. "Nihesabu."